Kitone cheupe moyoni, na ripoti isiyojua hesabu

Leo hakuna habari za simu mpya wala za Linux. Nimekasirika, na nikikasirika huwa naandika.

Majuzi mfanyakazi mwenzangu aliniletea karatasi mezani. Mkewe ana miaka 28, mimba ya kwanza, wiki ya 20, hana shida yoyote. Walikwenda kupigwa picha ya ultrasaundi katika kliniki moja hapa Nairobi (jina naliacha, kwa sababu zinazofanya hivi ni nyingi) na wakatoka na ripoti ya ukurasa mmoja. Kichwa sawa, tumbo sawa, paja sawa, kondo la nyuma liko mahali pake, maji ya kutosha. Halafu chini kabisa, kwa herufi nzito: kitone cheupe kimeonekana katika moyo wa mtoto, ni ishara ya Down syndrome, linganisha na hali ya mama. Basi. Hakuna namba, hakuna maelezo, hakuna "rudi tuongee". Wakalipa kwa M-Pesa wakaenda nyumbani na mstari huo.

"Wewe ni mtu wa hesabu," akaniambia. "Hebu niambie, hii ni asilimia ngapi?" Mkewe alikuwa na siku tatu hajalala. Wakwe walikuwa wameshaanza kuulizana ni ukoo wa nani.

Mimi si daktari na sitajifanya daktari hapa. Lakini swali lake ndilo swali sahihi, tena ni swali la hesabu ya uwezekano, ile ambayo mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta hufundishwa mwaka wa pili. Ripoti haikulijibu. Haikujaribu hata kulijibu. Na sababu moja ya kutolijibu ni sisi, watu wa programu. Nitafika huko.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Binadamu ana kromosomu 46, yaani jozi 23. Mtoto akiwa na nakala tatu za kromosomu ya 21 badala ya mbili, hiyo ndiyo hali ya Down. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza mwaka 1866. Ile kromosomu ya ziada ilitangazwa Paris mwaka 1959 na Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin. Nakala tatu za kromosomu ya 18 huleta hali ya Edwards, za 13 hali ya Patau, na hizo mbili ni kali zaidi, watoto wengi hawamalizi mwaka. Sasa, ultrasaundi haioni kromosomu. Inapeleka sauti tumboni, inasikiliza mwangwi, inachora picha. Kwa hiyo mpiga picha anatafuta vitu vinavyoonekana mara nyingi zaidi kwa watoto wenye kromosomu ya ziada kuliko kwa wasio nayo. Hiyo tu ndiyo maana ya "ishara".

Vitu hivyo ni vya aina mbili, na kuvichanganya ndiko kunakoleta balaa. Kuna kasoro za kweli za mwili. Moyo ambao ukuta wake wa katikati na vali zake havikuungana. Utumbo mdogo ulioziba pale mwanzoni hata picha ikaonyesha mapovu mawili. Matumbo yaliyotoka nje kupitia kitovu. Hizi ni kubwa: karibu nusu ya vijusi vyenye kasoro hiyo ya moyo vina hali ya Down, na kwa utumbo ulioziba ni karibu theluthi moja. Ukiona kitu kama hicho, piga kengele, na hakuna atakayekulaumu.

Halafu kuna zile zinazoitwa ishara hafifu. Kitone cheupe moyoni, ambacho ni chembe ya chokaa kwenye msuli unaoshikilia vali. Vifuko vya maji ndani ya ubongo. Figo zenye maji kidogo kuliko kawaida yake kupita. Utumbo unaong'aa kama mfupa. Paja fupi. Mfupa wa pua usioonekana. Ngozi nene nyuma ya shingo. Vingi kati ya hivi havimdhuru mtoto hata kidogo. Vile vifuko vya ubongoni huonekana kwa mtoto 1 au 2 kati ya 100 wa kawaida, na kwa kawaida huwa vimetoweka kabla ya wiki ya 28. Kitone cha moyoni huonekana kwa watoto wa kawaida kama 4 kati ya 100. Hebu fikiria darasa la shule ya msingi lenye watoto 50, wazima wote, wanapiga kelele uwanjani. Wawili kati yao walikuwa nacho tumboni, na mama zao huenda hawajui mpaka leo.

Sasa hesabu. Mwaka 2002 Paul Graham aliandika makala maarufu kuhusu jinsi ya kuchuja barua taka kwa kanuni ya Bayes, na wengi wetu tuliielewa kanuni hiyo pale kuliko darasani. Kila neno lina uzito: linaonekana mara ngapi kwenye barua taka, ukilinganisha na barua za kweli? Neno "bure" limejaa kwenye barua taka. Lakini limo pia kwenye barua ya mjomba anayelalamika kwamba mahindi ya mwaka huu ameyauza karibu bure. Ukiandika kichujio kinachotupa kila barua yenye neno "bure", utafukuzwa kazi ifikapo Ijumaa. Kitone cheupe ndilo neno "bure" la ultrasaundi. Na ripoti ile ndicho kichujio chenyewe.

Kanuni inataka vitu viwili. Cha kwanza ni uwezekano wa kabla: kabla hatujaangalia picha, mama huyu alikuwa na uwezekano gani? Hapo umri ndio unaotawala. Kwa mama wa miaka 20, uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye hali ya Down ni karibu 1 kati ya 1,500. Miaka 30, kama 1 kati ya 900. Miaka 35, karibu 1 kati ya 350. Miaka 40, karibu 1 kati ya 100. Cha pili ni kizidishi: ishara hii huonekana mara ngapi zaidi kwa wenye hali hiyo kuliko kwa wasio nayo? Unazidisha, unapata uwezekano wa baada. (Wenzangu wa hisabati watanikumbusha kwamba kinachozidishwa ni uwiano wa ndiyo kwa siyo, si uwezekano wenyewe. Kweli kabisa, lakini kwa namba ndogo hivi tofauti haionekani.)

Vizidishi hivi si siri. Mwaka 2013 Agathokleous na wenzake, akiwemo Kypros Nicolaides wa London, walikusanya tafiti 48 wakavipiga hesabu kwa ishara iliyoonekana peke yake, bila nyingine yoyote. Kitone cheupe moyoni: 0.95.

Soma tena. Sifuri nukta tisa tano. Chini ya moja!

Mama wa miaka 28 tumpe 1 kati ya 1,000 ili hesabu iwe nyepesi. Baada ya kitone, anakuwa 1 kati ya 1,050 hivi. Yaani ule mstari wa herufi nzito uliomnyima mtu usingizi siku tatu haukuongeza chochote. Figo zenye maji kidogo ni 1.08, yaani karibu palepale. Paja fupi 0.61. Mfupa wa mkono wa juu ukiwa mfupi, 0.78. Utumbo unaong'aa 1.65. Mambo yanaanza kuwa mambo kwenye ngozi nene ya shingo, 3.79, vyumba vya maji vya ubongo vilivyopanuka, 3.81, na mfupa wa pua usioonekana au mdogo mno, 6.58. Hata huo wa pua, kwa mama wetu wa miaka 28, unampeleka kwenye 1 kati ya 153. Maana yake ni kwamba kati ya akina mama 153 kama yeye wenye picha kama hiyo, 152 watazaa mtoto asiye na hali ya Down. Lakini mpe ishara hiyohiyo mama wa miaka 40 aliyeanza na 1 kati ya 100, naye anafika 1 kati ya 16. Ishara ni ileile, picha ni ileile, maneno kwenye ripoti ni yaleyale. Mmoja anahitaji mazungumzo marefu na daktari wiki hii, mwingine anahitaji kuambiwa kwa utulivu kwamba kuna kipimo cha damu akitaka. Ripoti isiyotofautisha watu hawa wawili inafanya kazi gani?

Kuna jambo hapa ambalo naliona zuri sana, kwa hiyo nivumilieni. Katika utafiti huohuo, kitone cha moyoni kikihesabiwa bila kujali kama kuna ishara nyingine, kizidishi chake ni kama 5.8. Kinashukaje kutoka 5.8 mpaka 0.95? Ni kwa sababu ya vile ambavyo havikuonekana. Mtoto mwenye hali ya Down mara nyingi huwa na zaidi ya kimoja. Ukitafuta ngozi ya shingo ukakuta iko sawa, ukatafuta mfupa wa pua ukauona, ukaangalia utumbo, figo, ubongo, paja, vyote vizuri, kila "hapana" inakushusha. Wote kwa pamoja, ikiwa hakuna ishara hata moja iliyoonekana, kizidishi ni 0.13, yaani hatari inapungua mara 7 na zaidi. Kutoonekana nako ni data.

Ila kuna sharti, na mtu wa hifadhidata ataliona mara moja: kisanduku kitupu si sawa na kisanduku kilichoandikwa "hapana". Ripoti ya mwenzangu haikusema lolote kuhusu mfupa wa pua. Haikusema lolote kuhusu shingo. Haikusema kama vyumba vinne vya moyo vilionekana na mishipa mikubwa inayotoka humo iko sawa. Je, viliangaliwa vikawa vizuri na hakuna aliyejali kuandika? Au havikuangaliwa? Hatujui, na kama havikuangaliwa basi hatuna haki ya kutumia ile 0.95, tunabaki mahali fulani kati ya hiyo na 5.8. Huwezi kumtisha mtu kwa kilichoonekana halafu ukamficha kilichotafutwa kikakosekana. Ndiyo nikamwambia mwenzangu: usirudi kuuliza "mtoto ana Down?" Rudi uulize "mliangalia nini kingine?"

(Na tafadhali, msomaji utakayekimbilia kuzidisha vizidishi vyote pamoja: paja fupi na mkono mfupi huenda pamoja, mtoto mfupi ni mfupi kote. Kuzidisha vyote viwili kama havijuani ni kuhesabu ushahidi mmoja mara mbili. Kila aliyeandika kichujio kinyonge cha Bayes amewahi kuona kikimdanganya hivyo.)

Mtu anaweza kusema haya ni mambo mapya, madaktari wetu watayapata polepole. Mapya? Beryl Benacerraf wa Boston alionyesha mwaka 1985 kwamba ngozi nene ya shingo katika miezi ya kati ni ishara ya hali ya Down. Nicolaides akaja mwaka 1992 na ule upana wa maji nyuma ya shingo, unaopimwa kati ya wiki ya 11 na ya 13 na siku 6. Hicho nakivulia kofia: kikiunganishwa na umri na vipimo viwili vya damu ya mama, kinakamata kama 90 kati ya kila 100, kwa kengele za uwongo kama 5 kwa kila 100. Baada ya hapo kila mtu akataka ishara yake. Miaka ya tisini ikajaa makala za vitone, vifuko na vidole. Kufikia mwaka 2000 daktari wa picha Roy Filly wa San Francisco alikuwa amechoka kiasi cha kuandika makala ambayo kichwa chake kiliita ultrasaundi ya mimba njia bora ya kumtia mjamzito hofu kuu. Mwaka 2001 Smith-Bindman na wenzake walipitia tafiti 56 na kuonyesha kwamba ishara hizi zikiwa peke yake, ukiacha ngozi ya shingo, hazifai kutenganisha mimba zenye hali ya Down na zisizo nayo. Mwaka 2009 mpango wa taifa wa uchunguzi nchini Uingereza uliondoa kitone cha moyoni na vifuko vya ubongoni katika orodha ya vitu vya kumbadilishia mama hatari yake. Mwaka 2021 chama cha Marekani cha madaktari wa mama na kijusi kikasema kwamba mama ambaye kipimo chake cha damu ni kizuri, kitone au vifuko pekee visimpeleke kwenye uchunguzi zaidi.

2009! Mtoto aliyekuwa tumboni mwaka huo sasa anavaa sare ya sekondari, na sisi bado tunachapisha mstari uleule.

Kwa nini? Mwaka jana niliitwa na kliniki nyingine kuhamisha data zao kutoka kwenye kompyuta iliyokuwa inakufa. Nikaiona programu ya ripoti kwa ndani. Mpiga picha anachagua "kitone moyoni" kwenye menyu, na sentensi nzima inajiandika, pamoja na maneno Down syndrome. Hakuna mtu aliyeiwaza sentensi hiyo siku hiyo. Iliwazwa mara moja, miaka mingi iliyopita, na mtu aliyeandika kiolezo, pengine akinakili kitabu cha miaka ya tisini. Na umri wa mama? Uko! Uko kwenye jedwali la wagonjwa, umeandikwa tarehe ya kuzaliwa kamili. Amri moja ya SQL ingeuleta. Tumeweza kuandika programu inayokumbuka kwamba mama huyu ana salio la shilingi 200 kutoka mwaka juzi, lakini haiwezi kukumbuka kwamba ana miaka 28 wakati wa kumwambia habari nzito kuliko zote alizowahi kusikia.

Sentensi ile inamlinda nani? Inamlinda anayeitoa. Mtoto akizaliwa na tatizo, kliniki itasema tuliandika. Asipozaliwa nalo, hakuna atakayerudi kudai siku tatu za usingizi. Gharama yote ya kengele ya uwongo imewekwa upande wa mama, na mfumo ambao gharama zake za makosa ziko upande mmoja tu utapiga kengele mpaka dunia iishe. Wanaoendesha seva wanajua: tahadhari zikiwa nyingi mno, watu wanazizima zote, hata ile ya kweli.

Kisha kuna suala la majedwali. Utafiti wa London wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wa Cicero na wenzake, ulionyesha kwamba katika wiki ya 11 hadi 14, mfupa wa pua haukuonekana kwa vijusi vya kawaida kama 2 kati ya 100 ambavyo mama zao ni wenye asili ya Ulaya. Kwa mama wenye asili ya Afrika na Karibiani, ilikuwa kama 9 kati ya 100. Tisa! Programu isiyouliza mama ni nani itampigia kengele mama wa Kakamega mara nne zaidi ya mama wa Kent, kwa mtoto mzima kabisa. Na yale mapaja? Mashine nyingi zikitoka kwenye boksi hutumia kanuni za Hadlock, zilizotoka Houston, Texas, miaka ya themanini. Jedwali lake maarufu la mwaka 1984 la umri wa mimba lilijengwa juu ya vijusi 361. Sina ugomvi na Hadlock, alifanya kazi nzuri kwa kompyuta za wakati wake. Nina ugomvi na sisi tunaobonyeza "endelea" bila kusoma. Mradi wa INTERGROWTH-21st, uliotoa viwango vyake mwaka 2014, ulipima mimba katika miji minane, na mmojawapo ni Nairobi, hapa Parklands. Mwingine ni Muscat. Viwango vya WHO vya mwaka 2017 vina akina mama wa Kongo. Watoto wetu wamo kwenye data, na data iko wazi. Ila iko mbali na mashine kwa umbali wa menyu moja ambayo hakuna aliyeifungua.

Najua pingamizi zitakazokuja. La kwanza: mzazi ana haki ya kujua kila kitu. Sawa, nakubali bila masharti. Basi ajue kila kitu. Neno bila namba ni nusu ya habari, na nusu hii ndiyo inayouma. Kama kitone kimeonekana, andika kimeonekana, na andika hapohapo kwamba kwa umri wake na kwa vitu vingine vilivyoangaliwa, hatari yake ni kadhaa kati ya kadhaa, karibu ileile aliyokuja nayo mlangoni.

La pili ni zito zaidi, na nimelisikia kutoka kwa rafiki ambaye ni daktari. Anasema: wewe unazungumza kama tuko London. Kule mama ameshapimwa damu na shingo wiki ya 12, picha ya wiki ya 20 inakuja juu ya hayo. Hapa wengi wanakuja mara ya kwanza wiki ya 20 na kuendelea, hawana kipimo chochote, ishara hizi ndizo pekee tulizo nazo. Nimelifikiria hili. Nadhani linageuka dhidi yake. Kama picha moja ndiyo yote mama atakayopata (na WHO tangu 2016 inapendekeza angalau moja kabla ya wiki ya 24), basi dakika zake ni dhahabu, na dakika hizo zitumike kwenye moyo, ubongo, uti wa mgongo na tumbo, kwenye kasoro za kweli. Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huwa na kasoro ya moyo. Mtoto ambaye moyo wake umejulikana mapema anaweza kuzaliwa karibu na hospitali yenye madaktari wa moyo. Hiyo ni habari inayomsaidia mtoto, na inamsaidia hata yule ambaye kromosomu zake ni 46 kamili. Kitone hakimsaidii yeyote.

Tena, kule London mnyororo una pete nyingi: namba, mshauri, kipimo kingine, jibu. Hapa mnyororo unakatika kwenye pete ya kwanza. Kipimo cha uhakika ni kuchota maji ya mimba kwa sindano na kuzitazama kromosomu zenyewe. Utafiti wa Denmark wa mwaka 1986, wa akina mama 4,606, ulionyesha sindano hiyo inaongeza kuharibika kwa mimba kwa karibu 1 kati ya 100; hesabu za miaka ya karibuni zimeshusha hadi 1 hadi 3 kati ya 1,000. Ndogo, lakini ukiilinganisha na hatari ya 1 kati ya 1,050 unaona mwenyewe nani mkubwa. Unamwambia mama mwenye wasiwasi akachomwe sindano inayoweza kuua mimba, kwa sababu ya kitone chenye kizidishi chini ya moja?

Kuna pia kipimo cha damu cha kisasa, kinachosoma vipande vya DNA ya kijusi vinavyoelea kwenye damu ya mama. Dennis Lo na wenzake waligundua vipande hivyo mwaka 1997, na kipimo kikaanza kuuzwa mwaka 2011. Ni kizuri kuliko ishara zote nilizotaja: kinakamata zaidi ya 99 kati ya 100 wa hali ya Down. Wauzaji watakuambia "sahihi kwa asilimia 99" na kunyamaza. Sisi tupige hesabu. Akina mama 10,000 wa umri mdogo, 10 wana mtoto mwenye hali hiyo, kipimo kinawapata karibu wote 10. Tukichukua kengele za uwongo 1 kati ya 1,000, kinawapata pia 10 wasio nayo. Majibu 20 ya "ndiyo", nusu yake si kweli. Kwa hiyo hata chombo hiki bora, "ndiyo" yake kwa mama wa miaka 25 ni kama kurusha sarafu, na lazima ihakikishwe. Ikiwa asilimia 99 inahitaji maelezo, kitone kinahitaji maelezo mara ngapi?

Naandika haya sasa kwa sababu wimbi lingine linakuja. Tangu 2022 wakunga hapa Kenya wamekuwa wakipewa vifaa vya ultrasaundi vinavyoshikwa mkononi na kuchomekwa kwenye simu au tableti, na nyuma yake zinakuja programu za akili bandia za kusoma picha. Nafurahi, kwa kweli nafurahi. Mkunga anayejua mapema kwamba ni pacha au kondo limekaa mlangoni ataokoa maisha. Lakini kitone cheupe kinachong'aa kwenye picha nyeusi ni kitu rahisi sana kwa kompyuta kukitambua, rahisi kuliko kuangalia kama ukuta wa moyo umekamilika. Kwa hiyo ndicho kitakachotambuliwa kwanza, na kuwekewa mduara mwekundu, na kutumwa kwa mama kwenye simu kabla hajashuka kitandani.

Wewe unayeandika programu hizo, wa hapa ama wa Kigali ama wa Dar, fanya haya. Usiruhusu sentensi ijiandike bila umri. Kila ishara iwe na majibu matatu: imeonekana, haikuonekana, haikuangaliwa, na ripoti isichapishwe mpaka yote yajazwe. Weka chanzo na mwaka wa kila kizidishi mahali ambapo daktari anaweza kukiona na kukibadilisha. Tenganisha kasoro na ishara hafifu, zisikae kwenye menyu moja kama sukari na sumu kwenye rafu moja. Na usitumie herufi nzito, kwa hisani yako.

Nimeanza kuandika kikokotoo kidogo kinachofanya hesabu hii: unaweka umri, unajaza kila ishara kwa majibu hayo matatu, kinakupa "kadhaa kati ya kadhaa" kwa Kiswahili. Msimbo wake nitauweka hapa wiki ijayo kwa yeyote kuuchukua. Hesabu yenyewe ni mistari kama arobaini. Kinachonikwamisha ni vizidishi vya mfupa wa pua, maana nilivyo navyo vyote vimetoka kwa akina mama wa kwingine. Daktari au mwanafunzi yeyote aliyepima watoto wa hapa na yuko tayari kutoa namba zake, bila majina ya wagonjwa, aniandikie.